Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: hedifoni zangu tano na namna ninavyozipanga

Kila ninapotaja hedifoni zangu maswali yanayonijia ni yaleyale, na mengi yanahitaji jibu refu kuliko ujumbe wa simu. Nimeyakusanya hapa. Mpangilio ni wangu, umetokana na muziki ninaousikiliza zaidi: taarabu kwanza, dansi la zamani, kisha muziki wa ala. Anayesikiliza mengine anaweza kuzipanga vingine akawa na sababu nzuri tu.

Ni hedifoni zipi, na umezipangaje?

Ya kwanza ni HiFiMan Susvara. Ya pili Sennheiser HD 600. Ya tatu Focal Utopia, toleo la kwanza la 2016. Ya nne Sennheiser HD 800 S. Ya tano Audeze LCD-X.

Bei zake zilipoingia sokoni: Susvara dola 6,000 mwaka 2017, Utopia dola 3,999, HD 800 S dola 1,699, na LCD-X nayo dola 1,699 ilipotoka mwaka 2013. HD 600 ilitoka mwaka 1997, bado inatengenezwa, na mpya hupatikana kwa chini ya dola 500. Ninajua orodha hiyo inawashtua watu kwenye nafasi ya pili. Nitalijibu hilo kwa kirefu.

Unatumia kipimo gani?

Sauti ya mwimbaji. Hicho ndicho kipimo kinachotangulia vyote, na hedifoni inayokosea hapo haiwezi kujiokoa kwa besi wala kwa upana.

Sababu yangu ni hii. Sauti ya binadamu tunaisikia tangu kuzaliwa, kila siku, bila mtambo katikati. Sikio halihitaji mafunzo kujua kwamba mwimbaji anaimbia puani kuliko kawaida yake, au kwamba amesukumwa nyuma ya bendi. Ukimsikiliza mpiga besi gitaa huna hakika gitaa lake lilikuwa na mlio gani studio, lakini ukimsikiliza bibi anayeimba unajua kifua kipo au hakipo.

Kwetu kuna sababu nyingine. Taarabu ni ushairi. Fumbo limefichwa kwenye neno, na neno likipotea umebaki na mahadhi matupu. Hedifoni inayozamisha sauti za kati, hasa kuanzia hezi 1,000 hadi 4,000 (hezi chache ni besi, nyingi ni sauti nyembamba), inakula vilevile ncha za konsonanti, na msikilizaji anaanza kukisia maneno. Inayokoleza mno kuanzia hezi 6,000 kwenda juu inageuza kila "s" na "sh" kuwa mchomo, na baada ya nyimbo chache unaivua.

Baada ya mwimbaji ninaangalia rangi ya ala, kisha besi, kisha nafasi, yaani namna ala zinavyokaa mbalimbali. Uzito na joto kichwani navyo ninavipa alama, na alama si chache.

HD 600 imewezaje kuizidi Utopia ya dola 3,999?

Kwa kipimo nilichokitaja, inaizidi. Mwimbaji kwenye HD 600 anasimama mahali pake, na umbo la sauti yake ni kamili, kuanzia kifuani hadi kwenye ulimi. Waliobuni hedifoni hii huko Ujerumani walipatia sauti za kati kiasi kwamba mtambo huu wa karne iliyopita bado ni rejea ya wahandisi na wapimaji wengi. Ukiiwekea kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu), udi na fidla pamoja, kila kimoja kinabaki na ngozi yake. Fidla haigeuki waya, na udi haugeuki gitaa.

Ina upungufu, na sitaki mtu ainunue bila kuujua. Besi ya chini kabisa inapungua: chini ya hezi 60 hivi unasikia habari za besi zaidi ya besi yenyewe. Nafasi yake ni ndogo, ala zimekaa karibu na uso. Ikiwa mpya inabana kichwa kwelikweli mpaka upinde ulegee. Ukipenda singeli au dansi la kisasa lenye besi ya mashine, HD 600 itakunyima sehemu kubwa ya starehe, na hapo hata mimi ningeishusha.

Utopia ni mtambo wa ajabu wa namna nyingine. Kiwambo chake, yaani sehemu inayotetemeka kutoa sauti, ni cha beriliamu tupu, milimita 40, na beriliamu ni metali nyepesi kuliko alumini lakini ngumu kuliko hiyo mara kadhaa. Matokeo yake unayasikia pale kidole kinapougusa uzi: mwanzo wa mlio unatoka mara moja, bila kusita. Tumba za dansi kwenye Utopia zinakupiga. Kanuni inamwagika punje kwa punje. Lakini kwa mwimbaji kuna ukavu kidogo sehemu za juu, kama metali inayong'aa kwa mbali, na ninausikia zaidi kwa sauti za wanawake zinazoimba kwa nguvu. Mtu anayesikiliza jazi au gitaa kavu zaidi ya waimbaji huenda akaipa Utopia nafasi ya kwanza, na sitabishana naye.

Susvara imepata nini kinachoiweka juu?

Inafanya yote ambayo HD 600 inayafanya kwa mwimbaji, kisha inaongeza besi inayoshuka hadi chini na nafasi isiyobana. Ni hedifoni ya aina ya planari: badala ya kuba dogo linalosukumwa na koili katikati, kuna utando mpana mwembamba mno uliochorwa njia za umeme, ukaning'inizwa mbele ya sumaku. Utando wote unasukumwa kwa pamoja. Kundi zima la taarabu linapoingia baada ya taksimu ya udi, fidla zote na kodiani kwa mkupuo mmoja, Susvara haitetereki. Unaweza kumfuata mpiga nai peke yake mpaka mwisho kana kwamba wengine wamempisha.

Ila ni mzigo kuilisha. Nitaeleza chini.

Na hizo mbili za mwisho zina kosa gani?

HD 800 S haina kosa, ina tabia. Viwambo vyake vya umbo la pete, milimita 56, vimewekwa mbali na sikio na kwa mshazari, na hivyo sauti inafika sikioni kwa pembe inayofanana na ya spika zilizoko mbele yako. Hakuna hedifoni yangu nyingine inayotandaza bendi kwa upana huo. HD 800 ya mwaka 2009 ilikuwa na mwinuko mkali karibu na hezi 6,000. Toleo la S la mwaka 2016 likaongezewa kifyonzaji kinachoupunguza mwinuko huo. Kwa rekodi za ukumbini, zenye watu wengi jukwaani, ninaichukua hii kabla ya zote. Mwimbaji peke yake mbele ya maikrofoni, hapana: anakuwa mwembamba, amekonda kifuani.

LCD-X ina besi bora kuliko zote tano. Utando wake wa milimita 106 unashuka hadi hezi 20 bila kupungua, na ngoma za ngozi zina uzito wake halisi. Mimi nina toleo la zamani, kabla ya marekebisho ya 2021, na ndani yake waimbaji wako hatua moja nyuma, kana kwamba kuna pazia. Halafu kuna gramu 600 hivi. Shingo inazihesabu.

Kwa hiyo bei haina maana?

Bei inakueleza ugumu wa kutengeneza, uchache, malighafi na jina. Haikuelezi mpangilio wa sauti. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali na hakuona uhusiano kati ya bei na namna zinavyogawa sauti za chini, za kati na za juu. Kabla yake, Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman walifanya majaribio ambayo wasikilizaji hawakujua wanasikia hedifoni gani, na ikaonekana kwamba walio wengi, wazoefu kwa wageni, wanapendelea mgawanyo wa sauti unaofanana.

Lakini bado nina Susvara, na siirudishi dukani. Mgawanyo wa sauti ndio msingi, na msingi huo unapatikana kwa dola 300. Kinachobaki juu yake, yaani besi isiyochafuka, utulivu pale ala zinapojaa, nafasi, hicho ndicho kinachoanza kuwa ghali, na kila hatua ni ndogo kuliko iliyotangulia huku bei ikipaa. Mwenye dola 400 anayefikiria kukopa ili afike 4,000, namsihi asikope.

Unazilinganishaje bila kujidanganya?

Jambo la kwanza ni kusawazisha ukubwa wa sauti. Hedifoni inayolia kidogo tu zaidi ya mwenzake, hata desibeli moja, haisikiki kwamba ni kubwa. Inasikika kwamba ni *nzuri*. Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii besi na sauti za juu kwa kiwango kilekile sauti inapopanda au kushuka. Ukiongeza sauti, besi inanona. Ulinganisho wowote ambao mtu amezungusha kitufe kwa kukadiria hauna thamani.

Mimi nina kibao chenye tundu, ndani yake maikrofoni ya kupimia. Ninaweka hedifoni juu yake, ninapiga kelele ya majaribio yenye masafa yote, na ninasawazisha kwa nusu desibeli. Kibao hakifanani na sikio, kwa hiyo siwezi kukitumia kuchora grafu ya kuaminika, lakini kwa kusawazisha kinatosha.

La pili: usibadilishe kila sekunde kumi tu. Ulinganisho wa haraka unaonyesha tofauti za rangi, na unahitajika. Lakini ukali unaochosha hauonekani hivyo. Unaonekana jioni ya tatu, pale unapogundua kwamba hedifoni fulani unaivua mapema bila kujua kwa nini. Ninasikiliza moja kwa siku kadhaa mfululizo, kisha ninarudi kwenye HD 600, ambayo ndiyo mizani yangu.

La tatu haliwezekani nyumbani: kutojua umevaa ipi. Uzito na mito vinakuambia mara moja. Ndiyo maana wale wa Harman walilazimika kuiga mgawanyo wa sauti wa hedifoni mbalimbali ndani ya hedifoni moja. Sisi wengine tuyapokee maoni yetu tukijua kwamba macho na mkono vimechangia.

Unatumia muziki gani kupima?

Ninaoujua kwa moyo. Taarabu ya Unguja iliyorekodiwa kwa mitambo ya kisasa, kwa ajili ya mwimbaji na nyuzi. Dansi la Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya magitaa: solo, ridhimu na besi zinapofumana kwenye sebene, hedifoni mbaya inayaunganisha kuwa gitaa moja nono. Rekodi hizo za miaka ya 1960 na 1970 nyingi ni za mono, sauti ileile moja kwa masikio yote mawili, kwa hiyo upana wa HD 800 S hausaidii hata kidogo. Kila mtu amekaa katikati ya kichwa, na kinachobaki ni rangi ya sauti peke yake. Nazipenda kwa kazi hiyo. Hazina pa kujificha.

Kwa muziki wa ala natumia klarineti. Sauti yake ya chini ni ya mti, na hedifoni yenye sauti za kati safi inakusikilizisha mti huo. (Mti wenyewe ni mpingo, mwingi wake ukitoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.)

Santuri za kale sizitumii kupimia. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, mitambo ya wakati ule haikuweza kubeba sauti za juu kabisa wala besi ya chini. Kuzisikiliza kwa Susvara ni raha, lakini HD 600 inatoa kila kilichomo.

Ninahitaji amplifaya?

Inategemea hedifoni, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha.

Utopia ina ukinzani wa ohm 80 na hutoa desibeli 104 kwa miliwati moja. Ili ifike desibeli 110, kilele cha sekunde chache tu kwenye muziki mkubwa, inahitaji miliwati 4. Hata kadapta ndogo nzuri ya simu inaiweza. Susvara ina ohm 60 lakini hutoa desibeli 83 tu kwa miliwati moja. Kwa kilele hichohicho inataka takriban miliwati 500. Ni zaidi ya mara 120. Simu inaitoa sauti, ndiyo, lakini dhaifu, na ngoma zinapotaka nguvu hakuna.

HD 600 na HD 800 S zina ohm 300. Hizo hazitaki nguvu nyingi, zinataka volti. Amplifaya ya kawaida ya mezani, isiyo na mvumo, inazitosha kabisa. LCD-X ina ohm 20 na ni rahisi kuisukuma.

Nunua amplifaya inayotosha hedifoni uliyonayo, kisha acha. Tofauti kati ya amplifaya mbili nzuri zilizosawazishwa sauti ni ndogo mno kuliko tofauti kati ya mito mipya na mito iliyochakaa.

Mbona zote ni za wazi? Huko Dar hakuna kelele?

Zipo, tena nyingi. Hedifoni ya wazi ina mgongo uliotobolewa. Hewa na sauti vinapita pande zote. Feni, bodaboda, jenereta la jirani, vyote vinaingia, na aliyekaa karibu nawe anasikia wimbo wako. Nasikiliza usiku. Mgongo wazi unaipa sauti pumzi, hairudi kugonga ukuta wa kikombe na kuchafua sauti za kati, na kwa kipimo changu hilo linashinda. Mchana, feni ikizunguka, ninavaa Beyerdynamic DT 770 Pro ya kufunga, ambayo ni mtambo wa kazi wa bei ya kawaida na siihesabu kwenye orodha hii.

Kwa nini huna Stax?

Nimeisikiliza, na uwazi wake ni wa kipekee. Hedifoni za elektrostatiki za Stax, kampuni ya Kijapani, zina utando mwembamba mno unaochajiwa volti 580, nao hauwezi kuendeshwa ila na amplifaya yake maalumu. Kinachonizuia ni hewa ya pwani. Unyevu na utando wenye chaji havipatani: chaji inavuja, upande mmoja unafifia, wakati mwingine inatoa mlio. Anayeishi Arusha au Nairobi ana nafasi nzuri kuliko yangu.

Unazitunzaje kwenye unyevu na joto?

Jasho ndilo adui. Mito ya ngozi ya Utopia na LCD-X naifuta kwa kitambaa kikavu kila ninapovua, na siifungii kwenye sanduku lake ikiwa bado ina joto la kichwa, maana ukungu unaanza hapo. Kabatini ninaweka vifuko vya kukausha hewa, na navibadilisha mvua za masika zikianza. Mito ya HD 600 ni ya kitambaa cha mahameli. Inafuliwa kwa maji ya vuguvugu na kuanikwa kivulini. Mito ikishabonyea ibadilishe. Kiwambo kinasogea karibu na sikio, na mgawanyo wote wa sauti unabadilika.

Waya ghali? Kuizoesha hedifoni mpya kwa saa mia?

Waya mzima wenye urefu unaokufaa unatosha. Kuhusu kuizoesha, mito inalainika na wewe mwenyewe unaizoea. Sikilizia tu.

Faili za ubora wa juu zina faida?

CD ya kawaida, biti 16 na kilohezi 44.1, inabeba kila ambacho sikio la mtu mzima linasikia. Faili la MP3 la kilobiti 320 kwa sekunde lililotengenezwa vizuri ni vigumu kulitofautisha na CD. Tafuta rekodi iliyosafishwa vizuri kutoka kwenye tepu ya asili. Hiyo ndiyo tofauti utakayoisikia, hata kwa hedifoni ya bei ndogo.

Unatumia ikwalaiza kurekebisha mgawanyo wa sauti?

Ndiyo, kwa LCD-X, kuwavuta waimbaji mbele. Planari zinavumilia kuongezewa besi bila kukoroma. HD 600 usiisukume sana chini ya hezi 60, kwani kiwambo kinafika mwisho wa safari yake. Mpangilio wangu wa juu ni wa hedifoni zilivyo, bila marekebisho. Nikiruhusu ikwalaiza, LCD-X inapanda juu ya HD 800 S.

Unasikiliza kwa sauti ya kiasi gani?

Ya chini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda huo kwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Hedifoni safi ni hatari kwa namna yake, kwa sababu haikwaruzi sauti inapokuwa kubwa, na unapandisha bila kuhisi. Sikio likianza kuvuma baada ya kusikiliza, pumzika siku nzima.

Nizipate wapi?

Nyingi huagizwa nje. Mbali na nauli na ushuru, kuna VAT, 18% Tanzania Bara na 16% Kenya, kwa hiyo piga hesabu yote kabla ya kulipa. Za mtumba ni njia nzuri. Omba picha ya namba ya utengenezaji, ya mito, na ya plagi za waya. Uliza kama viwambo viliwahi kubadilishwa. Ukiweza kuisikiliza kabla, cheza wimbo wa mono: mwimbaji asipokaa katikati kabisa, upande mmoja umechoka. Na sokoni ukikuta jina kubwa kwa bei ya mlo wa mchana, jina hilo limebandikwa tu.

Ukilazimika kubaki na moja?

HD 600. Susvara ni bora, nimeshasema, lakini kiwambo chake kikipasuka inabidi isafirishwe nje, na mimi nikae nikisubiri. HD 600 inafunguliwa kwa mikono mitupu. Waya unachomolewa, mito inabanduliwa, povu la upinde linabadilishwa, hata viwambo vyenyewe vinauzwa na kupachikwa nyumbani bila kulehemu. Yangu ilishabadilishwa mito na waya, na upinde wake ni uleule iliotoka nao kiwandani.